Kwa nini sabuni hukimbilia mpakani

Kina mama wa hapa Lamu wanatuuliza sana maabara, mbona kipande kile kile cha sabuni ukifua na maji ya mvua povu latoka mpaka lamwagika, ukifua na maji ya kisima cha chumvi wasugua mpaka vidole vyauma na juu ya karai kunabaki ule utando mweupe wa kunata?

Haya, chukua bakuli, tia maji matamu, nyunyiza pilipili manga ya unga juu. Chovya kidole kwenye sabuni ya maji, gusa katikati. Pilipili yote mbio ukingoni!

Pilipili haiogopi sabuni jamani. Maji pale juu huvutana yenyewe kwa yenyewe, na molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu usioyataka kabisa, sasa ndani ya maji haina raha, inapanda hadi juu, mpakani mwa maji na hewa, kichwa majini mkia hewani, zinabanana bega kwa bega kama safu ya msikitini, na pale zilipo mvutano unalegea, kutoka kama milinyutoni 72 kwa mita (kipimo cha mvutano huo) hadi 30 hivi. Yale maji ya pembeni ambayo hayajaguswa bado yana nguvu, ndo yanaivuta pilipili. Nafasi zikijaa, sabuni ya ziada inajikusanya viduara huko ndani ya maji na mvutano haushuki tena. Kati ya wa kwanza kupima mambo haya ni Agnes Pockels, Mjerumani, aliyeanzia jikoni kwao tu, barua yake ikatoka kwenye jarida la Nature mwaka 1891.

Mpaka si wa maji na hewa pekee, hata mafuta na maji yana mpaka wao. Tui nalo ni vitone vya mafuta vilivyovikwa protini za nazi, ukilichemsha kwa nguvu bila kukoroga protini zinaharibika, vitone vinaungana, tui linakatika.

Sasa kisima. Kalsiamu na magnesiamu, madini yaliyomo kwenye maji yake, zinadaka vichwa vya sabuni kabla havijafika mpakani, ndo ule utando. Sabuni nyingi za unga vichwa vyake havidakiki kirahisi, kwa hivyo unga peleka kisimani, kipande weka cha maji ya mvua.

Na birika lenye visamaki tafadhali usilitie sabuni eti waua viluwiluwi vya mbu. Kweli vitazama, maana vinaning'inia kwa mvutano ule ule, lakini sabuni huharibu mashavu ya samaki, na kazi ya kula viluwiluwi ilikuwa yao.