Hiyo Bentley ya kijani haikutoka kiwandani hivyo

Safari hii ilikuwa video ya WhatsApp. Bentley 3 Litre, wazi juu, kijani kilichokolea, mkanda wa ngozi umepitishwa juu ya boneti, na chini yake maneno: "Orijino kabisa, kama ilivyotoka kiwandani 1924." Maneno hayo nimeyasikia kwenye maonyesho, kwa wateja, hata kwa wajomba zangu wa Tanga ambao hawajawahi kuiona moja ana kwa ana. Leo naandika ili nikiulizwa tena nitume linki, basi.

Kiwanda hakikutoa gari. Kiwanda cha W. O. Bentley pale Cricklewood, London, kilitoa chesisi: fremu, injini, giaboksi, ekseli, rejeta, usukani. Mnunuzi akishalipia, chesisi ilipelekwa kwa watengeneza bodi aliowachagua mwenyewe: Vanden Plas wa Kingsbury, Gurney Nutting, Park Ward, Freestone & Webb na wengine wengi. Hata ile dhamana ya miaka mitano iliyowapa jina ilikuwa ya chesisi. Bodi yalikuwa mambo ya mteja na seremala wake. Ndiyo, seremala. Tutafika huko.

Mitambo naipitia haraka, maana huko watu hawapotoki sana. Silinda nne, ujazo wa cc 2,996, kamshafti moja juu, valvu nne na plagi mbili kwa kila silinda. Silinda hedi haifunguki, imesubiwa pamoja na bloku kipande kimoja. Kwa hiyo hakuna gasketi ya kuungua, lakini ukitaka kusaga valvu unanyanyua bloku nzima. Breki za mbele zilianza na magari ya 1924. Pedeli ya mafuta iko katikati, baina ya klachi na breki. Mwambie unayemwazima gari kabla hajaondoka. Na tafadhali, rangi ya beji kwenye rejeta (bluu kwa gari la kawaida, nyekundu kwa Speed Model, lile la kasi zaidi) si ushahidi wa kitu chochote. Beji hubadilishwa chai ikiwa bado ya moto.

Sasa bodi. Kati ya 1921 na 1929 zilitengenezwa 3 Litre 1,622, na si chache zilivalishwa bodi za saluni, yaani zilizofungwa, nzito, zenye vioo na paa, za watu wasiopenda kulowa. Mwaka 1931 kampuni ilifilisika, Rolls-Royce wakainunua. Magari yakazeeka, yakashuka bei, mbao za saluni zikaoza. Kumbukumbu iliyobaki vichwani ikawa ni ya mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, tu, ambako 3 Litre ilishinda 1924 na 1927. Kila mwenye saluni akataka gari la wazi la mashindano. Saluni zikang'olewa, bodi zikatupwa, na chesisi ndefu zenye takriban mita 3.3 kati ya ekseli na ekseli zikakatwa zikaribie mita 3. Bodi mpya zikatengenezwa kwa mfano wa Vanden Plas, na kijani kikapakwa juu.

Hapo ndipo ninapokosana na watu. Chesisi ya 1924 iliyovalishwa bodi ya miaka ya sitini si gari bandia. Wala si "kama ilivyotoka". Na kuna aina ya tatu ambayo wauzaji hawapendi kuitaja: bodi ya kweli ya miaka ya ishirini, ila ilitolewa kwenye gari jingine.

Nitajuaje? Namba nasoma, lakini mbao naziamini zaidi. Mtu wa pwani ataelewa upesi: ndani ya bodi hii kuna mataruma kama ya jahazi, yamechongwa kwa mti wa Ulaya uitwao ash, halafu juu yake huvikwa kitambaa kizito au aluminiamu. Nanyanyua sakafu. Nikikuta skrubu za kichwa cha msalaba, mkono huo si wa 1924. Skrubu hizo zilianza kuuzwa miaka ya thelathini. Kisha natafuta matundu kwenye fremu yasiyofungiwa kitu. Tundu la boliti lisilo na boliti ni alama ya bodi iliyokwisha ondoka, na mpangilio wa matundu hayo mara nyingi huonyesha ilikuwa ya aina gani. Mpakaji rangi hazibi matundu.

Katika kukarabati bodi hizi, vitabu vinasema kata mbao iliyooza hadi ufike kwenye mbao nzima, uunge hapo. Maneno mazuri. Mbao nzima inaanzia wapi? Mimi nachoma kwa bisibisi na kusikiliza, na bado siku nyingine nabahatisha. Gundi za kisasa nazo zinanitia wasiwasi: chesisi hizi hujipinda barabarani na bodi ilikusudiwa kujipinda nazo. Kiungo kikiwa kigumu kupita kiasi, nahofia ufa utahamia mahali pengine, na huenda nisiwepo utakapotokea.

Hata mahakama zimelizungumzia jambo hili. Mwaka 1990, huko London, kesi ilihusu Bentley nyingine, ya aina ya Speed Six, iitwayo Old Number One, mshindi wa Le Mans 1929 na 1930. Kilichobaki cha gari la 1929 kilikuwa kidogo sana. Jaji aliamua kwamba bado ni Old Number One, kwa kuwa historia yake haikukatika. Nakubaliana naye asubuhi, jioni nageuka. Vivyo hivyo kuhusu walioziua saluni: nawalaani, kisha nakumbuka kwamba bila wao chesisi nyingi zingeishia kwenye vyuma chakavu.

Ninachoweza ni kupiga muhuri wa mwaka kwenye kila kipande kipya cha mbao, upande usioonekana. Wapo wateja wanaoniomba nisipige. Hao nawatoza malipo yote kabla sijaanza.