Mchezo wa mlingoti: maana ya kutambuliwa kuwa mchezo wa mashindano

Mazoezi ya mlingoti ni mazoezi ya viungo yanayofanywa kwenye bomba la chuma lililosimamishwa wima. Anayeyafanya hupanda, huning'inia, hujigeuza kichwa chini miguu juu, huzunguka, hupiga msamba hewani, kisha hutulia katika mkao mmoja huku uzito wote wa mwili ukibebwa na kiganja, kwapa, paja au nyuma ya goti. Wengi wanayajua kwa jina la poldansi, na picha ya kwanza inayowajia ni ya klabu ya usiku.

Je, jambo hili linastahili kutambuliwa kuwa mchezo wa mashindano? Swali hili huzusha ubishi usiokwisha, kwa sababu wanaobishana huwa hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anataja ugumu wake: jaribu kujishikilia mlalo kwenye bomba kama bendera, uone. Mwingine anataja adabu. Lakini kutambuliwa hakupimi ugumu wala adabu. Kubeba magunia ya saruji ni kazi ngumu kupita michezo mingi, na hakuna anayeipigania iingie Olimpiki. Kinachopimwa ni kama shughuli ina mashindano ya kweli, kanuni zinazojulikana, waamuzi wanaoweza kuhojiwa, na chombo kinachowajibika kwa wanamichezo wake. Kwa kipimo hicho, jibu langu ni ndiyo, mchezo huu unastahili, ingawa kuna mambo mawili ambayo bado haujayamaliza.

Tuanze na bomba lenyewe. La mashindano lina kipenyo cha milimita 45, na jukwaani husimamishwa mawili. Moja limekazwa halizunguki, kwa hiyo mzunguko wowote unaouona umetoka kwenye mikono na mabega ya mwanamichezo. Jingine huzunguka lenyewe juu ya beringi. Kwenye hilo la pili, akikunja mwili karibu na bomba kasi hupanda, akitanua miguu kasi hushuka. Ni kanuni ileile ya fizikia inayomzungusha mtelezaji wa barafu anapobana mikono kifuani. Tofauti ni kwamba huyu wa mlingoti anazunguka akiwa hewani, mara nyingi kichwa kikiwa chini, na lazima abadilishe mshiko bila kupoteza mwelekeo.

Kinachomzuia asianguke ni msuguano wa ngozi na chuma. Kitambaa huteleza. Jasho nalo huteleza, ndiyo maana utawaona wakipaka unga wa magnesi viganjani kama wanyanyua vyuma. Kaptula fupi basi ni kifaa cha usalama: mkao unaoshikwa na paja hauwezekani kwa suruali ndefu ya kawaida. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi husikiliza hoja zote wakiwa tayari wameshahukumu kwa mavazi.

Sasa tutenganishe mazoezi na mashindano. Mkataba wa Ulaya wa Michezo uliopitishwa na Baraza la Ulaya mwaka 1992 unahesabu kuwa michezo kila aina ya shughuli ya mwili, ya kawaida au ya kupangwa, inayolenga afya, mahusiano ya kijamii au matokeo ya mashindano. Kwa maana hiyo pana hakuna ubishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia waliwahi kupima wacheza mlingoti katika kipindi cha dakika 60, wakaona kwamba mwili hufanya kazi kwa kiwango cha mazoezi ya wastani, cha kutosha kunufaisha moyo na mapafu. Mtu anayekwenda jimu mara mbili kwa wiki kupanda bomba hahitaji kutambuliwa na yeyote. Anafanya mazoezi, basi. Suala la kutambuliwa linaanza pale watu wawili wanapopanda jukwaa moja na mmoja atangazwe mshindi.

Hapo ndipo maana finyu ya mchezo inapoingia. Kwa miaka mingi chombo kilichokusanya mashirikisho ya michezo ya dunia, GAISF, kilikuwa na vigezo vyake. Mchezo uwe na ushindani. Usitegemee bahati iliyopachikwa ndani yake makusudi. Usiwe na hatari isiyo ya lazima kwa afya ya washiriki. Usidhuru kiumbe hai. Na usitegemee kifaa kinachouzwa na muuzaji mmoja tu.

Mlingoti unapita bahati na viumbe hai bila hata kujadiliwa. Vifaa navyo si tatizo, kwani mabomba hutengenezwa na kampuni kadhaa, kama X-Pole ya Uingereza na Lupit ya Slovenia. Hatari ipo, hasa kwa mabega na viganja, na kuanguka kutoka juu si mzaha. Lakini hatari hizo ni za jamaa moja na zile za jimnastiki, na hudhibitiwa kwa njia zilezile: magodoro, kocha aliyefunzwa, na kutoruka hatua katika kujifunza.

Kigezo cha ushindani ndicho chenye uzito. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Mlingoti, IPSF, lilianzishwa mwaka 2009 likiongozwa na Katie Coates wa Uingereza, na mwaka 2012 likafanya mashindano yake ya kwanza ya dunia mjini London. Kazi kubwa ya shirikisho hilo, kwa maoni yangu, ni kitabu chake cha alama. Ndani yake kila mkao umechorwa, umepewa jina, namba na thamani, kuanzia 0.1 kwa mepesi hadi 1.0 kwa ile migumu kabisa. Mwanamichezo huchagua vipengele vyake vya lazima na kuviwasilisha kwa maandishi kabla ya kupanda jukwaani. Mkao lazima ushikwe sekunde mbili kamili. Msamba unaotakiwa kufika nyuzi 180 ukiishia pungufu, kipengele hicho hakihesabiki. Mwili unaotakiwa kuwa mlalo una nafasi ndogo tu ya kupotoka. Kisha kuna nyongeza za kuunganisha mizunguko migumu, makato ya kuteleza, kuanguka au kutonyoosha vidole vya miguu, na alama za sanaa.

Mtu anayesema hayo ni maonyesho tu, namwomba asome kanuni hizo kwanza. Kuna madaraja ya watoto, watu wazima, wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, wawiliwawili, na watu wenye ulemavu. Wanaume wanashindana pia, na kwa idadi inayowashangaza wanaouona mchezo huu kwa mara ya kwanza.

Kasoro ya kwanza ninayoiona iko hapo penye alama za sanaa. Mchezo wowote unaoamuliwa kwa macho hubeba hatari hii. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, kashfa ya waamuzi katika utelezaji wa wawiliwawili ilifanya dhahabu ya pili itolewe kwa Wakanada, na utelezaji wa barafu ukalazimika kuachana na mfumo wake wa zamani wa alama. Hakuna aliyesema utelezaji si mchezo tena. Walisema waamuzi wake hawaaminiki, na mfumo ukabadilishwa. Hilo ndilo somo ambalo mlingoti unapaswa kulichukua sasa, ukiwa bado mdogo: kuorodhesha alama kwa uwazi na kuzipa uzito mkubwa zile zinazoweza kukaguliwa kwenye video.

Kasoro ya pili ni mgawanyiko. Mbali na IPSF kuna POSA, shirikisho jingine lenye mashindano na kanuni zake, na kuna mashindano ya kisanii yasiyofuata hata moja kati ya hayo. Kwa wapenzi wa sanaa huo ni utajiri. Kwa mfumo wa michezo ni kikwazo, kwa kuwa vyombo vya juu hutaka sauti moja kwa kila mchezo.

Kutambuliwa kwenyewe kuna ngazi, na magazeti huzichanganya. Oktoba 2017, GAISF iliipa IPSF hadhi ya mwangalizi, pamoja na michezo mingine kama mieleka ya mikono na soka ya mezani (foosball). Vichwa vya habari vikapiga mbio: poldansi yaelekea Olimpiki! Haikuwa hivyo. Mwangalizi ni yule aliyeruhusiwa mlangoni. Baada yake kulikuwa na uanachama kamili, kisha kutambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kisha ndipo mchezo uanze kuwania nafasi kwenye ratiba ya Michezo, na njiani kote unatakiwa kufuata kanuni za kupambana na dawa za kuongeza nguvu na kuwa na vyama vya kitaifa katika mabara mbalimbali. GAISF yenyewe haipo tena, baada ya wanachama wake kupiga kura ya kuivunja mwishoni mwa 2022.

Hata anayefika kileleni hana uhakika wa kubaki. Dansi ya mashindano ilitambuliwa na Kamati ya Olimpiki mwaka 1997, lakini ilikuja kuingia kwenye Michezo ya wakubwa kwa njia ya brekidansi mjini Paris mwaka 2024, na Los Angeles 2028 haimo. Kwa hiyo anayepima heshima ya mchezo kwa Olimpiki peke yake anatumia mizani mibovu. Skwoshi ilisubiri miongo mingi kupewa nafasi hiyo ya 2028, na katika miaka yote hiyo ilikuwa mchezo.

Tufike kwenye lile linalowaumiza wengi: asili. Watetezi wa mlingoti hupenda kukimbilia India. Huko kuna mallakhamb, ambapo wanasarakasi hujipinda juu ya mti mnene uliopakwa mafuta ya nyonyo. Ulifufuliwa Maharashtra mwanzoni mwa karne ya 19 kama zoezi la wapiganaji mieleka, na mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh likautangaza kuwa mchezo wake rasmi. Wengine hutaja mlingoti wa Kichina wa sarakasi, ambao wanaume huukwea na kuuruka kutoka mmoja hadi mwingine. Yote hayo ni ya kweli na ya kupendeza, na yanaonyesha kwamba binadamu amekuwa akishindana na mti uliosimama tangu zamani.

Lakini mazoezi haya ya bomba la chuma tunayoyajadili hayakutoka huko moja kwa moja. Yalitoka kwenye vilabu vya Amerika Kaskazini, kwa wanawake waliocheza wakivua nguo ili wapate riziki. Wao ndio waliobuni sehemu kubwa ya mizunguko na mishiko inayofundishwa leo, kisha kuanzia miaka ya 1990 walimu kama Fawnia Mondey wa Canada wakaanza kuwafundisha wanawake wa kawaida waliotaka mazoezi. Katika miaka ya 2010 kulizuka mtandaoni mtindo wa wanafunzi wa mlingoti kuweka picha zao na tamko kwamba wao si wacheza uchi. Wacheza wa vilabu waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Walichukuliwa ujuzi wao, kisha wakatumiwa kama kielelezo cha uchafu.

Mimi naona asili haiwezi kuwa kigezo, iwe ya kusifiwa au ya kuonewa haya. Ndondi zilipiganwa kwa kamari kwenye vichochoro. Mchezo unaweza kuweka kanuni zake, ukakataza viatu virefu na kuvua nguo jukwaani kama IPSF ilivyofanya, bila kuwatukana waliouanzisha. Kanuni hizo zinaeleza kinachoshindaniwa jukwaani. Hazimhukumu anayecheza kwingine.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si geni kama linavyoonekana. Miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporudi wakawa kundi la taifa lililozunguka nchi likionyesha mazoezi ambayo wengi hawakuwahi kuyaona. Hakuna aliyehoji maadili ya mwili uliojipinda juu ya viti vilivyopangwa. Leo mabinti na vijana wetu wa sarakasi wanaajiriwa ughaibuni, na wana nguvu za mabega na tumbo ambazo mchezo wa mlingoti unazihitaji.

Njia ya kisheria nayo ipo. Tanzania ina Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Kenya ina Sheria ya Michezo ya 2013 yenye msajili wa vyama vya michezo. Usajili wa namna hiyo hauanzi na hoja za utamaduni. Unaanza na katiba ya chama, viongozi waliochaguliwa, na mahali chama kinapofanyia shughuli zake. Baada ya hapo kazi ngumu ni mafunzo ya makocha na waamuzi, kwa sababu kitabu cha alama bila mtu anayejua kukisoma hakina faida. Na kwa mzazi ambaye binti yake ameomba kujaribu, maswali ya kumuuliza mwenye ukumbi ni mepesi: kocha amefunzwa wapi, godoro lina unene gani, bomba hukaguliwa mara ngapi, na je, watoto wana darasa lao peke yao.