Je, wajua pembe za Wavikingi zilitoka wapi?

Mwambie mtoto yeyote aliyewahi kutazama katuni amchore Mvikingi, naye ataanza na ndevu, atafuata na shoka, kisha atamalizia kwa chapeo yenye pembe mbili za ng'ombe, moja kulia na nyingine kushoto. Ukizifuta pembe hizo, utabaki na picha ya mtu yeyote mwenye ndevu na shoka. Ukizirudisha, hata asiyejua Skandinavia iko upande gani wa dunia atamtambua papo hapo. Hata hivyo, katika makaburi, meli, maboma na hazina zote za Wavikingi zilizochimbuliwa na wanaakiolojia hadi leo, haijapatikana chapeo hata moja yenye pembe. Alama inayowatambulisha kuliko nyingine zote ni kitu ambacho hawakwenda nacho vitani kamwe. Ni nani, basi, aliyewavika pembe hizo, na kwa nini dunia nzima ilikubali kuwaona hivyo?

Inafaa kwanza kuwajua wenyewe. Wavikingi ni jina wanalopewa watu wa Skandinavia, yaani wa nchi ambazo leo ni Denmark, Norwei na Uswidi, waliosafiri baharini na mitoni kwa ajili ya kupora, kufanya biashara na kutafuta makazi mapya kuanzia mwisho wa karne ya 8 hadi katikati ya karne ya 11. Wanahistoria wamezoea kuhesabu mwanzo wa kipindi hicho tangu tarehe 8 Juni 793, siku iliposhambuliwa monasteri ya Lindisfarne, kisiwani kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na mwisho wake mwaka 1066, mfalme Harald Hardrada wa Norwei alipouawa katika vita vya Stamford Bridge. Katika lugha yao ya kale neno hilo halikutaja kabila wala taifa, bali lilihusu shughuli: mtu alitoka kwenda kupora ng'ambo, na aliporejea kwao alikuwa mkulima, mfugaji au mvuvi kama jirani zake. Wengi wa watu wa Skandinavia wa wakati huo hawakupanda meli ya vita hata siku moja.

Chapeo zao zenyewe ni adimu mno. Mwaka 1943, katika shamba la Gjermundbu nchini Norwei, lilifukuliwa kaburi la shujaa wa karne ya 10, na ndani yake kulikuwa na vipande vya chuma ambavyo, vilipounganishwa, vilifanya chapeo ya mviringo iliyofunika utosi, yenye kinga ya macho na pua iliyofanana na miwani. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa chapeo pekee ya zama za Wavikingi iliyojulikana ambayo ilikaribia kuwa kamili. Nyingine ilipatikana mjini Yarm, Uingereza, katika miaka ya 1950, mafundi walipokuwa wakichimba mtaro wa mabomba, lakini ni mwaka 2020 tu ambapo watafiti walithibitisha kwamba nayo ni ya karne ya 10. Zote mbili hazina pembe, wala hazina tundu au alama ya mahali ambapo pembe zingeweza kupachikwa.

Anayefikiri kama mpiganaji hatashangaa. Chapeo hutengenezwa iwe laini na ya mviringo ili upanga ukiangukia kichwani uteleze pembeni na nguvu yake ipotee hewani. Pembe zingefanya kinyume kabisa: zingeudaka upanga, zingeuzuia usiteleze, na pigo lingeishia shingoni mwa mvaaji au lingeing'oa chapeo yenyewe. Tena vita vyao vilipiganwa bega kwa bega, ngao ikigusana na ngao, na katika msongamano huo mwenye pembe angewadhuru wenzake kabla ya kumfikia adui. Zaidi ya hayo, chuma kilikuwa ghali, kwa hiyo huenda wapiganaji wengi walivaa kofia za ngozi au walikwenda vitani bila kinga yoyote ya kichwa.

Ushahidi wa waliowaona kwa macho yao ni wa thamani kubwa zaidi, na kwa msomaji wa Kiswahili sehemu ya ushahidi huo ina ladha ya pekee kwa sababu iliandikwa kwa Kiarabu. Wavikingi walipoushambulia mji wa Seville mwaka 844, Waislamu wa Andalusia waliwaita Majusi, jina lilelile la waabudu moto wa Uajemi ambalo sisi tunalisikia katika habari za mamajusi wa Mashariki, kwa kuwa waliwahesabu kuwa wapagani. Shahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni Ahmad ibn Fadlan, aliyeondoka Baghdad mwaka 921 akiwa katika ujumbe wa khalifa al-Muqtadir kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa Mto Volga. Huko, mwaka 922, alikuta kundi la wafanyabiashara aliowaita Rus, na wataalamu wengi wanakubali kwamba walikuwa watu wenye asili ya Skandinavia waliofuata mito ya Ulaya Mashariki wakitafuta fedha ya nchi za Kiislamu.

Ibn Fadlan alikuwa mtu wa kuangalia kila kitu. Anasema hajapata kuona watu wenye miili iliyokamilika kama wao, warefu kama mitende. Kwamba kila mwanamume alikuwa na shoka, upanga na kisu ambavyo hakuachana navyo. Kwamba kuanzia kwenye kucha hadi shingoni walikuwa na michoro ya miti na maumbo mengine. Alichukizwa na namna walivyonawa nyuso kwa zamu katika bakuli moja la maji, na kwa mtu aliyezoea kutawadha kwa maji safi mara tano kwa siku, chukizo hilo linaeleweka. Alipopata habari kwamba mkuu wao mmoja amefariki, alikwenda kushuhudia mazishi, naye anaeleza mavazi ya maiti kipande kwa kipande. Kichwani marehemu alivishwa kofia ya hariri yenye nakshi, iliyopambwa kwa manyoya ya mnyama wa porini. Pengine hilo ndilo neno la kuaminika kuliko yote tuliyonayo kuhusu kile ambacho mkubwa wa watu hao alivaa kichwani siku ya heshima yake ya mwisho. Watawa wa Ulaya nao, walioandika kwa hofu na hasira juu ya watu waliowachomea makanisa, walitaja moto, damu, meli na mateka. Sioni ni kwa nini wangeacha kutaja pembe kama wangeziona.

Ili kumjua aliyezileta, inabidi kuruka miaka mia nane mbele hadi karne ya 19. Mwaka 1809 Uswidi ilipoteza Finland, iliyochukuliwa na Urusi, na msiba huo uliwaumiza sana wasomi wa nchi hiyo. Miaka 2 baadaye, mwaka 1811, kundi lao mjini Stockholm lilianzisha Chama cha Kigothi ili kuamsha upya ari ya taifa kwa kuwatukuza mababu, na mwaka huohuo mmoja wao, Erik Gustaf Geijer, akachapisha shairi lililomsifu Mvikingi kama kijana shujaa asiyeogopa bahari wala kifo. Kabla ya hapo watu hao walikumbukwa zaidi kama maharamia. Sasa wakageuka kuwa mababu wa kujivunia. Norwei, iliyotengana na Denmark mwaka 1814 na kuingizwa katika muungano na Uswidi, ilikuwa na sababu zake za kutafuta utukufu wa kale, na Denmark nayo ilizipata ilipopigwa na majeshi ya Prussia na Austria mwaka 1864. Mashairi yakazaa michoro, na michoro ikahitaji mavazi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa maana wachoraji hawakuwa na chapeo halisi ya kutazama. Ile ya Gjermundbu ilikuwa bado imelala ardhini. Wakageukia vitabu vya Wayunani na Warumi, ambamo Diodorus wa Sicilia, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba Wagalia walivaa chapeo zenye pembe. Kisha mwaka 1868 ikaopolewa kutoka Mto Thames mjini London chapeo ya shaba nyeusi yenye pembe mbili, ambayo leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Wagalia walikuwa watu wa Ufaransa ya kale, na chapeo ya Thames ilitengenezwa zaidi ya miaka 800 kabla ya shambulio la Lindisfarne, lakini kwa msanii wa karne ya 19 watu wote wa kaskazini ambao hawakuwa Warumi walielekea kuwa kitu kimoja, na hakuona kosa kuchukua pembe za huyu na kumpa yule.

Kilichowasha moto kilikuwa jukwaa. Mnamo Agosti 1876, katika mji mdogo wa Bayreuth nchini Ujerumani, mtunzi Richard Wagner alionyesha kwa mara ya kwanza opera zake nne zinazounda Pete ya Nibelungi zikiwa zimekamilika, na mfalme mkuu Wilhelm I akiwa miongoni mwa watazamaji. Wagner hakuwa akisimulia habari za Wavikingi. Alikuwa akisimulia visa vya miungu na mashujaa wa Kijerumani. Lakini sehemu kubwa ya visa hivyo aliitoa katika maandishi ya Iceland ya karne ya 13, ambamo wazao wa Wavikingi walikuwa wamehifadhi hadithi za kale, na mungu wake Wotan ni yuleyule Odin wa Skandinavia. Kazi ya kubuni mavazi alipewa Carl Emil Doepler, naye akawavika baadhi ya wahusika chapeo zenye pembe na wengine chapeo zenye mabawa. Cosima, mke wa Wagner, hakupendezwa hata kidogo. Aliandika katika shajara yake kwamba mavazi hayo yalimkumbusha machifu wa Wenyeji wa Amerika.

Watazamaji waliona tofauti na Cosima. Ujerumani ilikuwa imeunganishwa mwaka 1871 tu na ilikuwa na kiu ya picha za kale zenye fahari, na opera hizo zilionyeshwa katika miji mingi ya Ulaya na baadaye Marekani. Mtu aliyetoka ukumbini alikuwa ameona miungu ya Skandinavia, ngao, mikuki na pembe kwa wakati mmoja, na akilini mwake vyote vikashikamana. Mwishoni mwa karne hiyo pembe zilikuwa zimekwisha kuingia katika vitabu vya watoto, na kutoka hapo zikahamia kwenye matangazo ya biashara, katuni na viwanja vya michezo. Timu ya kandanda ya Kimarekani ya Minnesota Vikings, iliyoanza kucheza mwaka 1961 katika jimbo lililopokea wahamiaji wengi kutoka Skandinavia, ina pembe nyeupe zilizochorwa pande zote mbili za kofia za wachezaji wake.

Sitaki msomaji adhani kwamba Skandinavia haikujua pembe kabisa, maana sehemu hii ya kisa ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1942, mwaka mmoja kabla ya ugunduzi wa Gjermundbu, zilipatikana chapeo mbili za shaba nyeusi katika kinamasi cha Veksø, nchini Denmark. Zina pembe ndefu zilizopinda kwa madaha, na mbele zina macho na mdomo wa ndege. Ni pembe halisi katika ardhi ya Skandinavia, na si ajabu kwamba wengi waliozitazama makumbusho walidhani wameona chapeo za Wavikingi. Upimaji wa masalia ya gundi ya miti iliyokuwa ndani ya pembe moja umeonyesha kwamba zilitumika karibu mwaka 900 kabla ya Kristo. Wakati Lindisfarne inateketea, chapeo hizo zilikuwa zimezama matopeni kwa takriban miaka 1,700, na hapakuwa na Mvikingi aliyejua ziko wapi.

Kati ya nyakati hizo mbili pembe huonekana hapa na pale, na daima mahali pa ibada. Huko Torslunda, katika kisiwa cha Öland nchini Uswidi, zilipatikana mwaka 1870 vibao vidogo vya shaba nyeusi vya karne ya 6 au ya 7 vilivyotumika kugongea mapambo ya chapeo. Kimoja kinaonyesha mtu anayecheza ngoma akiwa na pembe mbili ambazo ncha zake ni vichwa vya ndege, na kando yake amesimama mtu aliyejivika ngozi ya mnyama. Wataalamu wengi humhusisha mcheza ngoma huyo na Odin.

Pembe nyingine zimo katika kaburi la Oseberg nchini Norwei, lililochimbuliwa mwaka 1904. Humo, mwaka 834, wanawake wawili walizikwa ndani ya meli yenye urefu wa zaidi ya mita 21, pamoja na gari la kukokotwa, vitanda, vyombo vya jikoni na vitambaa vilivyofumwa picha. Kimoja cha vitambaa hivyo, chenye upana wa takriban sentimita 20, kinaonyesha msafara wa farasi, magari na watu, na miongoni mwao yuko mmoja mkubwa kuliko wengine, mwenye pembe mbili kichwani. Aliyemfuma aliishi katika zama za Wavikingi wenyewe, naye hakumweka kwenye meli ya vita wala kwenye ufuo unaowaka moto. Alimweka katika msafara wa ibada, akauviringisha uzi wake, na kazi yake ikazikwa pamoja na wanawake hao wawili.