Trauti wa kijito: pima maji kabla ya kutupa mshipi

Kiangazi, chombo cha kwanza kutoka mkobani ni kipimajoto. Trauti wa kijito (Salvelinus fontinalis), samaki ambaye asili yake ni mashariki mwa Marekani na Kanada, hustawi kwenye maji ya takriban nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakifika 20 huanza kutaabika. Mimi hapo sivui kabisa, kwa sababu samaki aliyepambana kwenye maji ya joto anaweza kufa hata ukimwachia.

Zamisha kipimajoto karibu na chini, mahali penye kivuli, ukiache dakika mbili. Pima tena kila kijito kingine kinapoingia. Joto likishuka nyuzi 3 au 4 ndani ya hatua chache, huenda chemchemi inachuruzika chini ya changarawe, na samaki hujazana hapo hapo. Ziwani, barafu ikishayeyuka, trauti huwa kwenye maji ya kina kifupi. Jua likikaza hushuka kilindini au husogea kwenye midomo ya vijito.

Ufito wa mita 2 watosha, na mshipi wa kuhimili kilo 1 hadi 2, ndoana namba 10 na kipande cha nyungunyungu. Wengi hukosea chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha chambo. Lifunge sentimita 25 juu ya ndoana. Likiwa zito chambo hukwama. Likiwa jepesi mno chambo hupita juu ya vichwa vyao. Lililo sawa utalihisi likigonga jiwe, tok, kisha likiendelea na mkondo. Inua ncha ya ufito: mshipi ukilala juu ya maji hukokota chambo, na trauti hukikataa.

Samaki huelekea mkondo unakotoka, kwa hiyo mwendee kwa nyuma, ukiinama, ukikanyaga polepole. Tupa mita moja mbele yake. Mgongo wake wenye michirizi kama ya minyoo hupotea kabisa kwenye mawe. Kinachomfichua ni ukingo mweupe wa mapezi ya chini.

Kama utamwachia, bana kijino cha ndoana kwa koleo mapema, lowesha mikono na umfungue akiwa majini.

Majani yanapopukutika, ukiona bapa la changarawe safi, jeupe kuliko mawe yanayolizunguka, usilikanyage. Jike amelifukua kwa mkia, na mayai yamefukiwa humo hadi baridi iishe.