Dawa ya thairoidi haimezwi na chai ya maziwa

Wengi wetu tumelelewa na kanuni moja: usimeze dawa tumbo likiwa tupu, kula kwanza, na ikiwezekana shushia na maziwa ili isikuchome. Kwa baadhi ya dawa kanuni hiyo ni sahihi. Kwa levothairoksini, wanayopewa watu ambao tezi yao ya thairoidi, iliyo shingoni, imezembea na haitoi homoni ya kutosha, ni kinyume kabisa.

Kidonge hiki hakichomi tumbo. Shida yake ni kwamba hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, na kalisi (kalsiamu) iliyomo kwenye maziwa hukinasa kabla hakijaingia kwenye damu. Kahawa nayo hupunguza ufyonzwaji, vilevile soya. Basi mtu anameza kila siku bila kukosa, lakini bado anachoka, anasikia baridi, nywele zinakatika, na kipimo cha TSH (homoni inayopanda thairoidi inapozembea) kinabaki juu. Daktari asiyeuliza habari za kifungua kinywa anaweza kumwongezea dozi bure. Inasikitisha, maana tiba ilikuwa mkononi mwa mgonjwa.

Meza kwa maji matupu unapoamka, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya madini ya chuma (wajawazito, zingatieni sana hili) au vya kalisi vikae mbali na levothairoksini kwa saa 4. Asubuhi zako zina pilikapilika? Muulize daktari kuhusu kumeza usiku, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Maziwa hukatazwi, yape tu nafasi yake.