Jamvi la karakana: maji ndiyo yanayoliua

Wiki iliyopita nilikuwa Uyole, Mbeya, kwa seremala anayejenga karakana nyuma ya nyumba yake, mita 6 kwa 4, ya kuweka mashine ya randa na msumeno wa meza. Nilikuta vibarua wameshakoroga zege la kwanza la jamvi, yaani sakafu ya zege. Nikachota kwa koleo nikaliweka chini, likasambaa kama uji. "Bosi, likiwa gumu halivutiki," wakaniambia. Zege hilo tukalimwaga kwenye njia ya kwenda chooni, tukaanza upya.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa moja na robo. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza. Maji yanayozidi hayana kazi kwenye saruji. Yanatafuta pa kutokea na kuacha vitundu, na juu unabaki na sakafu inayotoa vumbi kila ukifagia. Nayajua haya kwa machungu. Karakana yangu ya kwanza niliongeza maji ili tumalize kabla ya giza, halafu nikanyunyiza saruji kavu juu ili kufyonza umajimaji. Mwaka haukuisha, ikaanza kubanduka magamba. Wa kumlaumu sina, fundi nilikuwa mimi.

Hesabu ya jamvi hili: unene sentimita 15, mita za ujazo 3.6. Kwa resho ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 23 au 24 ya saruji, nunua 25. Pima kwa ndoo, koleo halina kipimo.

Udongo mweusi wa juu ondoa wote mpaka ufike pagumu, kisha mawe na moramu (udongo wa changarawe), shindilia tabaka kwa tabaka, tandika nailoni. Kokoto nazo zichunguze. Huku kwetu kuna mawe mepesi ya volkano yanayojichanganya humo. Tupia konzi moja kwenye ndoo ya maji: yanayoelea hayafai kubeba mashine. BRC, yaani wavu wa nondo, ikae juu ya vibiskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinyanyua. Kuna mafundi wanaoilaza kwenye nailoni wakisema wataivuta kwa ndoano wakati wa kumwaga. Wanaivuta kweli, wakikanyaga inarudi chini.

Randa inatikisa, kwa hiyo tuliipa kitako chake cha sentimita 30, kilichotengwa na jamvi kwa stairofomu nyembamba. Boliti tulizishika kwa plaiwudi iliyotobolewa kwa kufuata matundu ya mashine yenyewe. Ukitoboa kwa kukadiria, utakuja kupindisha boliti kwa nyundo.

Halafu ni Juni. Watu hudhani kwa baridi hii zege halihitaji kumwagiliwa. Zege haligandi kwa kukauka, linaganda saruji ikiwa na maji ya kutosha, na upepo wa Mbeya msimu huu ni mkavu. Baridi nayo inachelewesha ugumu. Ndiyo maana tulimwaga asubuhi, jioni tukafunika kwa magunia na nailoni, na maji ni siku 14 badala ya 7 zilizozoeleka.

Mwenye kazi ana mbao za paini kutoka Mafinga zinazomsubiri, akauliza kama wiki ya pili anaweza kuingiza randa. Nikamwambia siku 28. Jana nilipopita magunia yalikuwa yamelowa vizuri, ila pembeni mbwa wake ameacha nyayo nne. Amesema hataki zizibwe.