Makabati ya jikoni: mambo tunadanganyana kuhusu laka

Juzi mama mmoja wa Donholm aliniita nimwangalizie makabati ya jikoni, hata mwaka hayajamaliza, milango ya chini ya sinki imefanya mabaka meupe na pale karibu na jiko kliya (laka ya juu isiyo na rangi, ya kukinga mbao) imelainika mpaka kitambaa kinanata. Anasema aliambiwa ni laka. Na ni kweli alipakwa laka, na hapo ndio kuna ile dhana mbaya kuliko zote, ati laka ni laka, tofauti ni bei tu.

Si hivyo jamani. Ile mafundi wengi tunaita nitro ama NC inakauka kwa thina (ile ya kuyeyushia laka) kuruka hewani, basi, hakuna kingine kinafanyika ndani yake, ndio maana ukirudisha thina juu yake inayeyuka tena. Rangi ya kucha nayo imetengenezwa na hiyo hiyo nitroselulosi. Miaka ya 1920 huko Marekani ilishika sana kwa magari juu ilikuwa inakauka haraka kuliko rangi za mafuta za wakati huo, na mimi mpaka leo kitanda ama meza ya sebuleni naipiga nitro bila wasiwasi, ikikwaruzwa unaitengeneza kirahisi, mkono mpya (yaani tabaka jipya la laka) unayeyuka kidogo na kushikana na ule wa zamani. Lakini jikoni kuna mvuke wa sufuria, kuna maji ya sinki, kuna mafuta ya moto yanaruka, na kila siku mtu anapangusa na sabuni. Hapo nitro inachoka mapema.

Ya jikoni ni ile inachanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha), tunaita 2K, yaani ya sehemu mbili. Hiyo inaungana kikemia ikikauka na hairudi nyuma. Kuna pia ile imetiwa hadena kiwandani kabla haijafungwa mkebe, iko katikati, afadhali kuliko nitro.

Sasa utajuaje ulipigwa gani? Baada ya wiki kama nne hivi chukua pamba, weka dawa ya kutoa rangi ya kucha, pangusa kidogo tu nyuma ya mlango mahali hapaonekani. Ikinata na kubaki kwenye pamba haraka, hiyo inafanya kama nitro. 2K iliyokomaa haitishwi na mpanguso mmoja. Alafu siku ya kazi angalia mkebe: 2K nyingi zikishachanganywa zinaanza kugandia, baada ya masaa kadhaa hazifai tena, kwa hivyo fundi amekulipisha 2K na jioni anamimina iliyobaki arudi nayo kesho, muulize vizuri.

Dhana nyingine, mikono mingi ndio nguvu. Ukijaza sana 2K inapasuka nyufa kama udongo wa kiangazi, hasa zile za hadena ya asidi. Sila (mpako wa kwanza wa kuziba mbao), msasa mwepesi, mikono miwili ya juu iliyopigwa sawasawa inatosha kazi nyingi, na kipimo cha hadena ni kile kimeandikwa kwa mkebe, si kukadiria na kifuniko. Ukizidisha ati ikauke haraka unaharibu.

Glosi, ile ya kung'aa, nayo si ngumu kuliko mati, ile isiyong'aa. Mati ni laka imeongezwa unga wa kupunguza mng'ao, basi. Glosi inaonyesha kila alama ya kidole na kila mkwaruzo, mwenye watoto achague mati ama ile ya katikati.

Kupaka mbele pekee ili kuokoa pesa, hii inaniuma sana juu naona watu wakipoteza mlango mzima. Upande wa nyuma ukiachwa mkavu unavuta unyevu, mlango unapinda. Na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi) kingo zake zinakunywa maji kama sifongo, zipigwe sila mara mbili tatu, na usisahau ukingo wa chini kabisa, ule mtu haoni, maji ya sinki yanateremkia hapo.

Ukungu mweupe siku hiyo hiyo ya sprei watu wanalaumu mbao. Mara nyingi ni hewa: thina ikiruka inapoza laka, unyevu unaganda juu yake. Mvua za Aprili ama ile baridi ya Julai, ngoja saa sita mchana jua litoke, ama tumia thina ya kukauka polepole.

Na ile ya mwisho, ati barakoa ya kitambaa inatosha. Inazuia vumbi, haizuii mvuke. Hadena nyingi za 2K ya poliyurethani zina isosianeti, kemikali ambayo inaweza kukuanzishia pumu, na mwili ukishaikataa hata kiasi kidogo kinakubana kifua. Vijana wangu wanavaa ile ya mikebe ya kuchuja, na milango tunaing'oa tunaenda kuipigia karakana. Fundi akitaka kupigia ndani ya nyumba yako na jiko linawaka, mzuie, thina inashika moto haraka sana, na watoto wasilale humo harufu ikiwa bado.